Sawa Bibi, Nitafanya

Kyebando, Kampala
1 Julai 2025

Kwa mwanangu Zuhair,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Nairobi, kifua kimepona, na lile sweta unalivaa. Sisi huku hatujambo. Baba yako hajambo, goti ndilo linamsumbua akipanda ngazi, lakini dukani Bwaise anakwenda kila siku kuuza vitambaa vyake, mvua isimzuie. Dada yako Shamim hajambo, bado yuko kwenye ile supamaketi ya Ntinda, wamemtoa kwenye mikate wamempeleka kwenye sabuni, anasema afadhali, sabuni hailiwi na panya. Mwanawe hajambo, ameota jino la juu, ananing'ata. Vera jirani yetu hajambo, ndiye anayekuletea barua hii akija huko kwao Kenya kuchukua viatu vya mitumba, mpe chai. Paka hajambo. Bibi yako Zahara, mama wa baba yako, anakula, anaswali akiwa amekaa kitini, naye anakusalimu kuliko wote.

Nimetoa salamu kwanza kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Sasa nikuambie kwamba nimechukizwa na wewe mpaka chakula hakishuki.

Utasema mbona Mama anaandika, si apige simu. Sipigi. Sauti yako siitaki tena. Nataka mkono wako. Hati yako naijua, herufi zimelala upande mmoja kama majani yaliyokanyagwa.

Ni hiyo tableti uliyomletea Bibi. Ulisema, "Mama, nimemwekea Bibi simu ya picha, nitakuwa nampigia kila siku baada ya Alasiri, ninyi msiguse kitu." Tukafurahi. Nilitembea Kyebando yote nikijisifu, mwanangu hamsahau bibi yake hata siku moja. Kila jioni picha yako inatokea, unasema, "Asalaam aleikum Bibi, umeshindaje?" Bibi anajibu, nawe unajibu. Mimi nikawa nawaachia chumba, mambo ya bibi na mjukuu.

Juzi nilibaki mle nikichambua maharage. Nikasikia jogoo anawika nyuma yako. Nikacheka peke yangu, kumbe Nairobi majogoo wanawika jioni. Jana nikakaa tena. Jogoo akawika pale pale ulipofika kwenye neno "nyumbani." Halafu ukakohoa kikohozi kile kile. Leo Bibi amekuambia, "Zuhair mjukuu wangu, asubuhi nimeteleza bafuni, nyonga inauma." Na wewe ukacheka. Ukacheka, Zuhair! Ukasema, "Alhamdulillah Bibi, hizo ndizo habari ninazopenda kusikia."

Bibi akakitazama kioo. Kisha akaniambia polepole, "Hakunisikia vizuri, labda yuko njiani, magari ni mengi." Anakutetea.

Nilihisi kama mtu aliyekuta kinyesi cha panya ndani ya unga, na uji ameshawapa watu wamekunywa. Hicho kitu nimekifunika na beseni la kufulia. Mikono nimenawa kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikauma.

Lakini liko jambo linalonikimbiza zaidi. Nimemwambia Bibi kitu chako kimeharibika. Amesema, "Haidhuru. La maana nilishamwambia, na ameniahidi. Amesema, Sawa Bibi, nitafanya." Nikamuuliza la maana lipi. "Hilo langu na mjukuu wangu." Na sasa amekigeuza kiti chake, ameelekea mlangoni. Anangoja.

Uliahidi nini, mwanangu? Au hicho kitu kiliahidi nini?

Vera anarudi Jumatatu. Usimrudishe mikono mitupu.

Mimi mama yako,
Mama Zuhair

*

Nairobi
5 Julai 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Barua nimeipata kwa Vera, na chai amekunywa. Nimefurahi kusikia jino la mtoto. Nyonga ya Bibi imenitia wasiwasi, tafadhali mpelekeni kwa daktari.

Naomba uisome hii hadi mwisho kabla hujakasirika tena. Sikumdharau Bibi. Mwanzoni nilikuwa nampigia mimi mwenyewe, wallahi. Kisha kazini tukapewa kutengeneza mchezo wa watoto wa kwenye simu, wa kumaliza upesi, katuni zake, muziki wake, kila kitu, nikawa natoka ofisini ninyi mmeshalala. Shamim akanieleza kwamba Bibi anakaa na tableti mapajani toka Alasiri mpaka Magharibi, hataki iondolewe. Roho iliniuma. Nikakaa nayo Jumapili nzima nilipokuja huko mfungo ulipokwisha, nikaitengeneza, na nilidhani nimefanya jema.

Nikueleze ilivyo, labda ukielewa haitakutisha. Ndani ya programu ya picha na sauti kuna foleni. Mtu akigusa kioo, hilo ni tukio, linaingia kwenye foleni. Akibonyeza kitufe, ni tukio jingine, linasimama nyuma. Programu kazi yake ni kukaa mbele ya foleni, kuchukua tukio moja, kulitimiza, kisha linalofuata. Sasa sisi tunaotunga programu tunaruhusiwa kuongeza matukio yetu wenyewe. Unalipa jina, unalisukuma kwenye foleni, basi. Hakuna mtu aliyegusa kitu, lakini programu haiulizi tukio limetoka wapi. Zamu yake ikifika linahudumiwa sawa na mengine.

Mimi nilitunga matatu. La kwanza ni SALAMU. Saa ya tableti inalisukuma kila jioni, picha yangu inatokea na sauti inaanza. La pili ni KIMYA. Bibi akisema kisha akatulia kidogo, KIMYA inaingia kwenye foleni, na programu inatoa jibu langu linalofuata. La tatu ni KWAHERI. Majibu yote nilirekodi mwenyewe huku kwangu, Mama, sauti ni yangu kweli. Jogoo ni wa mwenye nyumba wangu.

Na kwa kusema ukweli, salamu zetu ndizo zilizonirahisishia kazi. Bibi anauliza hujambo, wa huko hawajambo, kazi je, afya je, chakula je, kwa mpangilio ule ule kila siku. Majibu nayo ni yale yale. Siku ile aliruka salamu akaanza na kuanguka, ndipo mambo yakaenda kombo.

Alichoniambia sikijui. Programu haishiki maneno. Haikurekodi chochote. Kwa programu, Bibi ni sauti inayopanda, kisha sauti inayoshuka. "Sawa Bibi, nitafanya, usijali" ni mojawapo ya majibu, nililiweka kwa sababu kila siku alikuwa ananihimiza nivae sweta.

Mama, usimwambie. Atavunjika moyo bure. Mfunulie tu tableti. Nikija nitatunga tukio jingine, akitaja kuumia, itamwambia pole.

Wako,
Zuhair

*

Kyebando
12 Julai 2025

Zuhair,

Bibi yako anakusalimu. Zangu nitakupa mwishoni nikiona zimebaki.

Barua yako niliisoma mwenyewe, kisha nikamwomba Shamim aisome kwa sauti, nikidhani labda shule yangu ndogo imenidanganya. Haikunidanganya. "Itamwambia pole." Shamim alipofika hapo aliiweka chini akafuta vidole kwenye gauni.

Ulidhani foleni siijui? Ndiko nilikozeekea. Pale bombani watu wanaacha vidumu kwenye mstari, wenyewe wako nyumbani wanavisha watoto. Kila kidumu kina mtu wake, ukikigusa utasikia anakuja mbio na matusi. Kile kisicho na mtu tunakisukuma kando, maana ukifungua kifuniko kinanuka. Wewe kidumu hicho ndicho ulichomwekea Bibi yako, na yeye akakitekea maji ya moyo wake.

Na hapo uliposema salamu zetu ndizo zilizokurahisishia kazi, nilitoka nje nikatapika. Sizungumzi kwa mafumbo, nilitapika kwenye mfereji, na unaujua mfereji wetu ulivyo siku ya pili baada ya mvua, makaveera, mifuko ya plastiki ya mtaa mzima, na yote yanayobebwa ndani yake. Ulikuwa unanuka nafuu kuliko barua yako.

Unafikiri Bibi akiuliza hujambo anatafuta jibu? Jibu analijua. Anasikiliza pumzi. Mimi mtu akinijibu sijambo, hapo hapo najua kama amelala na njaa, kama amegombana na mumewe. Wewe ukachukua ganda ukatupa yai.

Sasa sikiliza, maana neno lenyewe nimelijua.

Jana Ijumaa Bibi alioga mapema. Akamwambia Shamim atoe godoro la pili, lipigwe jua, litandikwe pembeni mwa lake. Akataka pilau, na sahani moja ifunikwe iwekwe kando. Nikamuuliza, "Ya nani, mama?" "Ya mgeni." Akakaa mlangoni na buibui lake jipya. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Kila gari likilia barabarani anainua kichwa. Magharibi nikamwambia, mama, ingia ndani kuna mbu. Akasema, "Zuhair amesema atafanya. Labda barabara ya Mbale ni mbaya."

Mbale! Huko ana mtu mmoja tu.

Amekutuma ukamlete Bibi Hajara, dada yake wa tumbo moja. Wewe umelisikia jina hilo kwa kunong'ona tu, kwa hiyo nikueleze. Mama yao alifariki hapa mwaka themanini na tano, wanajeshi wameziba barabara kila mahali. Hajara alikuwa Mbale. Alitokea siku ya pili, miguu imevimba, kaburi limeshafukiwa. Alisimama uani akamwambia Bibi yako mbele ya waombolezaji, "Umemzika mama na mimi juu yake." Akaondoka bila kunywa maji. Tangu siku hiyo, hakuna salamu, hakuna Idi, hakuna msiba uliowakutanisha. Mimi nimeolewa nyumba hii nikakuta jina lile halitajwi mezani.

Na bibi yako, mwanamke ambaye hajawahi kumwomba mtu msamaha, hata mimi, alilibeba jambo lile mpaka akapata wa kumwambia. Akakuambia wewe. Na wewe ulikuwa sauti inayopanda na sauti inayoshuka.

Ile sahani asubuhi niliikuta imechacha. Niliimwaga huku nimegeuza uso.

Nenda Mbale. Sitaki maelezo mengine ya foleni. Umeahidi kwa sauti yako, umesema mwenyewe ni yako kweli. Andika uniambie siku unayoondoka. Ijumaa nyingine inakuja na yeye ataoga tena.

Mama yako

*

Nairobi
16 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Nimesoma na nimeumia sana. Sikujua ni jambo zito hivyo.

Lakini wiki hii haiwezekani kabisa. Mchezo wetu unatolewa mwisho wa mwezi na sehemu yangu ndiyo haijakamilika. Nikiondoka sasa nafasi yangu wanampa mtu mwingine, na ninyi mnajua nimeipataje.

Sijakaa bure hata hivyo. Nimepata namba ya Nangila, mke wa mtoto wa Bibi Hajara. Nimeongea naye, ni mtu mwema. Anasema Bibi Hajara yu hai, masikio tu yamepungua, na safari ndefu haiwezi. Kwa hiyo nimefikiria njia. Nangila anaweza kumrekodi Bibi Hajara kwa simu akisema maneno machache tu. Asalaam aleikum dada yangu, nimekusamehe, Mungu atuweke. Ananitumia. Mimi naongeza tukio moja tu kwenye foleni, nalipa jina HAJARA, na Ijumaa baada ya Alasiri Bibi anamsikia dada yake. Yatakuwa maneno ya kweli ya Bibi Hajara, si ya kutunga. Bibi ataacha kungoja mlangoni, na mimi nikimaliza kazi nitakuja tuyaongee kwa utulivu.

Baba anasemaje?

Zuhair

*

Kyebando
20 Julai 2025

Zuhair,

Baba yako hasemi. Alisoma, akaikunja barua, akaiweka chini ya mguu wa kabati lile linaloyumba. Ndiyo kazi aliyoiona inaifaa.

Mimi nasema. Unanitia kichefuchefu. Nilikubeba, nilikunyonyesha, nilikufyonza makamasi kwa mdomo wangu ulipokuwa umeziba pua, na sikuwahi kuona kinyaa. Leo naona. Unataka kumkalisha mama mzima mbele ya kioo, dada yake amsamehe wakati saa ikigonga, na kesho jioni amsamehe tena, na kesho kutwa tena, kwa sauti ile ile, jogoo wa Mbale akiwika pale pale? Msamaha gani huo unaowekwa kwenye zamu? Na Bibi akimjibu dada yake, akilia, akimuuliza neno, nani atamsikia? KIMYA yako?

Yule Hajara hata hajaambiwa anachosamehe. Utamwambia sema hivi, kama kasuku.

Ijumaa tena amengoja. Safari hii pilau alitaka sahani mbili, ya Hajara na yako, kwa kuwa wewe ndiye unayemleta. Leo ameniita. Akasema, "Mwanangu, najua kwa nini Zuhair hapigi. Ameshindwa kumpata Hajara, au Hajara amekataa, anaona haya kuniambia. Mwandikie asiogope. Mwambie nimemsamehe, alijaribu."

Umesikia? Amekusamehe kwa kazi ambayo hujaigusa. Mimi sikuweza kumtazama. Nilikwenda jikoni nikajifanya nakata vitunguu.

Kazi ikipotea utapata nyingine, na ukikosa, baba yako ana vitambaa na mimi nina sufuria. Lakini ukituma sauti nyingine nyumba hii, usije wewe mwenyewe.

Barua ya kujibu hii siitaki itoke Nairobi.

Mama

*

Mbale
27 Julai 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Unaona mahali nilipoandikia.

Nilimwambia bosi kwamba bibi yangu ananihitaji. Akasema, "Si utumie simu?" Nikachukua begi. Sijui kama nafasi ipo nikirudi. Hilo baadaye.

Nilifika jana. Nangila alinipokea, akaniwekea maji ya kuoga na ndizi. Bibi Hajara alikuwa amekaa uani anachagua mchele. Mama, sikuwa tayari. Ni Bibi Zahara mwenyewe. Mikono ile ile, na namna ya kupuliza makapi huku amefumba jicho moja. Nikamwamkia kwa sauti kubwa. Akaniuliza hujambo, wa Kampala hawajambo, baba yako hajambo, mama yako je. Kila nilipojibu alinitazama kifuani. Nikakumbuka ulichoandika kuhusu pumzi. Akasema, "Umesema hawajambo wote, na unapumua kama mtu aliyeiba kuku. Sema."

Nikasema Bibi Zahara amenituma nimchukue.

Akaacha mchele. "Zahara amekutuma? Kwa kinywa chake?"

"Ndiyo, Bibi."

"Alisema nini?"

"Alisema nije nikulete."

"Hapana. Mtu haamki baada ya miaka yote hii akasema nileteeni Hajara, kama anaagiza chumvi. Kabla ya hapo alisema kitu. Nataka maneno yenyewe."

Nangila akamwambia, "Mama, mtoto amechoka, ametoka mbali." Akamjibu, "Wewe nyamaza, nimengoja kuliko yeye alivyoishi."

Nilijaribu, Mama. Nikasema, alisema anakukumbuka, anasikitika. Akanikatiza. "Unatunga. Zahara hawezi kusema anasikitika, hata ukimchoma kwa moto."

Basi nikamwambia. Yote. Tableti, picha, foleni, KIMYA. Nilipofika mahali Bibi alipoongea na hakuna aliyesikia, alitema mate pembeni, si juu yangu, lakini karibu. Akamwambia Nangila, "Ondoa hizi ndizi mbele yangu, zimeanza kunuka." Zilikuwa mbivu tu, hazina kitu. Akaingia ndani. Nililala kwenye mkeka barazani na hakuna aliyeniambia karibu ndani.

Leo asubuhi alitoka, akakaa, akanieleza jambo ambalo nadhani hata wewe hulijui. Siku ile ya msiba, alimtuma dereva wa lori la mahindi atangulie na salamu: nisubirini hadi Alasiri, nipo njiani. Yeye alishushwa kwenye kizuizi, lori likapita. Maiti ikazikwa baada ya Adhuhuri. Akasema, "Kama nilipofika wangesema salamu zimechelewa kuwafikia, ningelia na wenzangu nikanyamaza. Lakini Zahara hakunitazama machoni. Toka siku hiyo nina swali moja. Zile salamu zilifika au hazikufika? Kama hazikufika, mimi ndiye niliyemdhulumu dada yangu, nami nitakwenda nikambusu miguu. Kama zilifika, aseme yeye. Sasa huenda amelisema, na ameliambia bati."

Mama, aliniuliza hivi: "Hicho kitu chako, huwezi kukifungua ukayatoa maneno?" Nikamwambia hayamo. Akasema, "Hata punje?" Nikasema hata punje. Sijawahi kuichukia kazi ya mikono yangu namna hii. Nilipokuwa naitengeneza niliona ni jambo dogo la ustadi kwamba haihitaji kuelewa neno lolote. Nilimwonyesha mpaka mwenzangu ofisini, tukacheka.

Hatakuja bila jibu. Siwezi kulitunga, na sitaki. Nakuomba umwambie Bibi ukweli wote kuhusu mimi, kisha umuulize. Chochote atakachosema kiandike kwa mkono wako, kama kilivyo. Nangila anampa barua hii dereva wa teksi ya alfajiri anayefika hapo Bwaise, Baba ataichukua.

Mimi nangoja hapa. Nachota maji, napasua kuni. Hajanifukuza.

Mwanao,
Zuhair

*

Kyebando, Kampala
29 Julai 2025

Kwa mwanangu Zuhair,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai umeamka salama hapo Mbale na mgongo haukuumi kwa mkeka. Sisi hatujambo. Baba yako hajambo, barua yako ameisoma amesimama pale pale dukani, na hii hakuiweka chini ya kabati. Shamim hajambo. Mtoto jino la pili limetoka. Vera hajambo, anauliza kama utarudi naye. Msalimie Nangila, mwambie ahsante kwa maji ya kuoga. Msalimie Bibi Hajara, mshikie mkono unapomsalimia kwa niaba yangu, usiseme tu.

Nimemwambia Bibi.

Niliogopa, nikangoja amalize kuswali. Nikafunua beseni, nikaleta hicho kitu, nikakiweka mkekani, nikasema, mama, huyu siye Zuhair, hakuwahi kuwa Zuhair. Nikamweleza kama ulivyonieleza, kwa maneno niliyoyaweza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaomba maji, akasukutua kinywa, akatema, akasukutua tena, akatema, kama mtu aliyeambiwa nyama aliyokula ni mzoga. Alinawa uso. Alinawa masikio. Akasema, "Kiondoe. Nilikuwa nakibusu."

Zuhair, nilikuwa nadhani mimi ndiye niliyechukizwa. Sikuwa nimeona kitu.

Alikausha uso kwa leso. Kisha akaniuliza, "Na huko Mbale, amekwenda mwenyewe au ametuma kitu?"

"Mwenyewe, mama."

"Una hakika?"

"Hati ni yake. Na amelala barazani."

"Nani kamlaza barazani?"

"Hajara."

Nikaona mdomo umecheza. Akasema, "Huyo ni Hajara kweli."

Ndipo nikamsomea lile swali. Nilisoma polepole, lori la mahindi, kizuizi, salamu. Mikono yake ilianza kusokota pindo la leso. Akaniambia maneno yale ameshayasema mara moja, aliyakusanya kwa miaka, akayatoa yote mbele ya kioo, na sasa hana mengine mazuri kama yale. Nikamwambia hayahitaji kuwa mazuri. Akalia. Mimi sijawahi kumwona akilia, hata alipomzika babu yako.

Kisha akasema niandike, nami nakuandikia kama alivyosema, hakuna neno langu hapa:

"Zilifika. Dereva aliniambia mimi, sikumwambia mtu. Niliogopa wanajeshi, nikataka yaishe. Mengine siyatumi kwa mtu wala kwa kitu. Nakuja nayo mwenyewe."

Ndivyo. Mwambie Bibi Hajara hivyo, umkaribie sikioni, na usiongeze hata aa.

Na kuja anakuja kweli. Nimemwambia nyonga, mama. Amesema nyonga ni yake. Opio, yule anayembebea baba yako vitambaa, atatuleta Jumamosi kwa gari lake, godoro tunatandika nyuma. Tableti nayo anataka ije. Nilishangaa. Anasema Hajara aione, kisha waitupe pamoja mahali pachafu hapo Mbale walikokulia, wanapopajua wao tangu utotoni. Nimeifunga kwenye kaveera mbili.

Wewe hajakusamehe. Ule msamaha wa kwanza ameurudisha, amesema haukuwa wako. Anasema utamwomba ukiwa umesimama mbele yake, naye akusikie ukipumua. Mimi nangoja zamu yangu baada yake. Lakini sweta nimekufulia lile la pili, nakuja nalo, Mbale kuna baridi asubuhi.

Jibu upesi kwa teksi ya kesho, usichelewe hata kidogo. Ukishamfikishia lile neno, nataka kujua kama Bibi Hajara ameacha mlango wazi au ameufunga. Tutakuja vyovyote. Ila kama umefungwa, nijue nibebe mkeka mkubwa, maana Bibi amesema atakaa hapo nje mpaka ufunguliwe, na mimi simwachi akae chini kwenye vumbi.

Mimi mama yako,
Mama Zuhair